Kutoka Kindu hadi Ubundu: safari nzuri inayokosa boti yenye ratiba

Katika bandari ya Kindu, mtu anayetaka kwenda Ubundu anaanza kwa kuuliza swali moja: boti itaondoka siku gani? Mara nyingi jibu ni kwamba itaondoka ikishajaa. Magunia ya mchele, madumu ya mafuta ya mawese na bidhaa za dukani vinapakiwa kwanza, kisha abiria wanatafuta nafasi juu ya mizigo. Mama mwenye watoto anaweza kulala bandarini akisubiri, na pesa ya chakula cha njiani inaishia hapo hapo.

Mbali kabisa, kaskazini mwa dunia, safari ya siku kadhaa majini ni starehe ambayo watu wanailipia dola nyingi. Katika jimbo la Alaska, nchini Marekani, meli kubwa zinapeleka watalii kuona barafu nene inayoteremka polepole kutoka milimani hadi baharini, pamoja na nyangumi, dubu na bandari ndogo za Ketchikan, Skagway na Juneau. Msimu wao unaanza mwezi wa nne na kuisha mwezi wa kumi. Wapo wanaochagua mwezi wa tisa, kabla baridi haijakaza, kwa sababu majani ya miti yanageuka rangi na bei za meli zinapungua.

Kindu na Alaska hazifanani kwa hali ya hewa wala kwa mfuko. Lakini kuna jambo moja ambalo mkaaji wa Maniema ataelewa bila kufafanuliwa: Juneau ni mji mkuu wa jimbo, na hakuna barabara yoyote inayouunganisha na miji mingine. Anayetaka kufika huko anapanda ndege au anapanda meli. Kindu nayo ni mji mkuu wa jimbo, na barabara zake wakati wa mvua zinajulikana. Tofauti kubwa iko katika kile ambacho kila upande umefanya na maji yake.

Mto uliounganishwa na reli

Mto Lualaba umekuwa njia ya watu na biashara tangu zamani. Waenya, watu wa mitumbwi na uvuvi, walikuwa wanaujua kabla ya mgeni yeyote kuuchora kwenye karatasi. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1876, Henry Morton Stanley aliondoka Nyangwe, kusini mwa Kindu, akisindikizwa sehemu ya njia na Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Mwanzoni mwa mwaka 1877 alifika kwenye maporomoko ya Boyoma, karibu na pale ambapo leo kuna mji wa Kisangani. Safari hiyo ilifungua mlango wa mateso mengi kwa watu wa mto, na hilo halifai kusahauliwa wakati wa kusimulia uzuri wa njia hii.

Wakati wa ukoloni, kampuni ya reli iliyoitwa CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilipewa kazi ya kupita pale ambapo mto haupitiki. Mwaka 1906 reli ya kilometa 125 ilikamilika kati ya Stanleyville na Ponthierville, yaani Kisangani na Ubundu, ili kukwepa maporomoko. Baadaye reli nyingine ikajengwa kutoka Kindu kuelekea Kongolo. Katikati, kutoka Kindu hadi Ubundu, mto wenyewe ulitosha: zaidi ya kilometa 300 za maji ambayo boti inaweza kupita. Ndiyo sababu Kindu ikawa bandari. Mzigo ulishuka kwenye treni, ukaingia kwenye boti, kisha ukarudi kwenye treni huko Ubundu.

Mpango huo haujafutwa. Shirika la reli la SNCC, lililoanzishwa mwaka 1974, ndilo lililorithi reli na boti hizo. Lakini kwa miaka mingi kazi kubwa ya kubeba abiria imebaki kwa mitumbwi yenye injini na boti za mbao zinazoitwa balenieri, mali ya watu binafsi. Treni ikikosekana Ubundu, abiria anayeendelea hadi Kisangani anapanda pikipiki katikati ya msitu.

Kinachoonekana njiani

Anayeondoka Kindu anaacha nyuma yake tarafa za Kasuku na Mikelenge upande wa kushoto wa mto, na Alunguli upande wa kulia. Boti inashuka na maji kuelekea kaskazini. Upande wa kulia inapita midomo ya mito inayotoka milima ya Kivu: Elila, kisha Ulindi, kisha Lowa. Kila mto unaleta maji yake na udongo wake, na Lualaba inazidi kupanuka. Vijiji vya wavuvi vinafuatana, na kila boti inaposimama watu wanakuja na samaki wa moshi, ndizi na kuku.

Ubundu iko karibu sana na ikweta. Anayeendelea kutoka hapo hadi Kisangani anavuka kutoka nusu ya kusini ya dunia kwenda nusu ya kaskazini, mara nyingi bila hata kujua. Katika eneo hilo hilo, mwaka 1951, mwongozaji John Huston alileta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kupiga sehemu ya filamu The African Queen kwenye mto Ruiki, unaoingia Lualaba. Filamu hiyo ni hadithi ya boti dogo lililochakaa na watu wawili walio ndani yake. Watu wengi duniani wameona kipande cha maji ya Ubundu kwenye filamu, bila kujua jina la mahali.

Wanyama wapo, mashariki na magharibi ya mto

Wanyama wakubwa hawaonekani kirahisi kutoka kwenye boti ya Lualaba. Kwa kuwaona lazima mtu aingie msituni. Magharibi ya mto iko Mbuga ya Taifa ya Lomami, iliyotangazwa rasmi mwaka 2016, kati ya Maniema na Tshopo, yenye ukubwa wa karibu kilometa za mraba 9,000. Humo wanaishi bonobo, ambao hawapatikani porini katika nchi nyingine yoyote, pamoja na okapi, tembo wa msitu na tausi wa Kongo.

Humo pia anaishi lesula, nyani mwenye uso unaofanana na wa mtu, ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2012 kuwa aina mpya. Kwa wawindaji wa eneo hilo hakuwa mpya hata kidogo: jina lesula ni la kwao. Upande wa mashariki, Mbuga ya Taifa ya Maiko, iliyoundwa mwaka 1970, inahifadhi sokwe wakubwa wa mashariki, wale wanaoitwa gorila wa Grauer, ambao wanapatikana Kongo peke yake.

Hatari yao kubwa inajulikana na kila mtu anayeenda sokoni. Nyama ya pori inatoka misituni kwa baiskeli na mitumbwi na kuuzwa katika miji ya Kindu na Kisangani. Kijana wa kijiji anayewinda hafanyi hivyo kwa kuchukia mbuga. Anafanya kwa sababu nyama inalipa na hakuna kazi nyingine. Hapo ndipo mgeni anayekuja kuona mnyama akiwa hai anaweza kuleta mabadiliko, ikiwa tu pesa yake inafika kwa msindikizaji, mpishi na mwenye mtumbwi wa kijiji.

Barafu ipo Kongo, lakini inakwisha

Wengi wanashangaa kusikia kwamba hata barafu ipo nchini. Iko juu ya milima ya Rwenzori, katika eneo la Beni, kwenye mpaka na Uganda. Kilele cha Margherita kina urefu wa meta 5,109 na ni cha tatu barani Afrika. Upande wa Kongo ni sehemu ya Mbuga ya Taifa ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, na wapandaji walikuwa wanaanzia Mutwanga.

Kwenye ramani, njia kutoka Kindu ipo: mto hadi Ubundu, reli hadi Kisangani, kisha barabara kupitia Epulu, nyumbani kwa Hifadhi ya Okapi, hadi Beni. Kwenye udongo ni jambo lingine. Mashambulizi ya waasi wa ADF katika maeneo ya Beni na Mambasa yameua raia wengi. Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza mwaka 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, mambo ya utalii katika Kivu yalizidi kurudi nyuma.

Barafu yenyewe haisubiri amani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilifunika zaidi ya kilometa za mraba 6 za Rwenzori. Leo haifiki hata moja. Mwaka 2022, UNESCO ilionya kwamba barafu za maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika zinaweza kuisha ifikapo mwaka 2050. Mtoto anayezaliwa leo Mutwanga anaweza kuzeeka akisimulia barafu ambayo wajukuu wake hawataiona. Alaska nayo inapoteza yake: Mendenhall, barafu iliyo karibu na mji wa Juneau, inazidi kurudi nyuma mwaka hadi mwaka.

Alaska ilianza na raia wake

Mtu anaweza kudhani kwamba Alaska ilijenga bandari kwa ajili ya watalii. Sivyo kabisa. Ilikuwa jimbo kamili la Marekani mwaka 1959, na mwaka 1963 serikali ya jimbo ikaanzisha boti zake za abiria, ikiziita barabara kuu ya baharini. Boti hizo zinabeba wakaaji, magari yao, chakula na hata wanafunzi wanaokwenda kucheza mpira katika mji wa jirani. Zina siku na saa ya kuondoka. Mgeni asiye na pesa ya meli ya kifahari anakata tiketi ile ile ya raia, na wengine wanafunga hema dogo juu ya boti na kulala humo.

Huko pia shida hazikosekani. Boti zimezeeka na bajeti imekatwa mara kadhaa. Juneau, yenye wakaaji wapatao 32,000, ilipokea zaidi ya wasafiri milioni 1.6 wa meli za kitalii mwaka 2023, hadi mji ukakubaliana na kampuni kupunguza idadi: kuanzia 2024, si zaidi ya meli kubwa tano kwa siku. Lakini msingi ulikuwa ule wa mwanzo: kwanza raia afike salama, kisha mgeni amfuate.

Kinachohitajika Kindu

Hapo ndipo kuna fundisho kwa Lualaba. Vitu ambavyo mtalii angeomba kabla ya kupanda boti ni vile vile ambavyo mchuuzi wa Kindu anavihitaji tangu zamani: ratiba inayoheshimiwa, jile la kuokolea kwa kila abiria, orodha ya majina ya wasafiri, choo, kivuli na nahodha asiyesafiri usiku. Viongozi wa nchi wamekataza mara nyingi safari za usiku na kuamuru majile. Amri zinatolewa baada ya ajali, halafu zinasahauliwa.

Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2024, boti kutoka Minova ilizama ziwani Kivu karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, na makumi ya watu wakafa huku jamaa zao wakitazama kutoka ukingoni. Lualaba si ziwa Kivu, lakini boti ya mbao iliyojaa kupita kiasi inazama namna moja popote. Msimu wa mvua unaporudi, kuanzia mwezi wa tisa, upepo wa ghafla na magogo yanayobebwa na maji vinaongeza hatari.

Kazi ya kwanza haihitaji meli ya kifahari. Boti moja imara inayoondoka Kindu siku ile ile kila wiki, na treni inayoisubiri Ubundu, ingetosha kubadilisha mambo. Mchele wa Maniema ungefika Kisangani kwa wakati. Mgonjwa angejua siku ya kusafiri. Na mwanafunzi wa chuo, mtafiti wa lesula au mgeni mwenye kamera angeweza kupanga safari yake kama wanavyopanga wale wa Juneau.

Mpaka siku hiyo ifike, msafiri wa Kindu afanye yaliyo ndani ya uwezo wake: adai jile kabla ya kulipa, akatae boti ambayo maji yanakaribia mdomo wake, na asione aibu kushuka hata kama wengine wanamcheka. Boti nyingine itakuja, hata kama hakuna anayejua ni siku gani.