Unataka Jimny ya mkono wa pili? Soma hii kabla ya kutuma pesa

Dada yangu mkubwa ni daktari wa mifugo. Anafanya kazi pande za Kinangop, ambako mvua ya mwezi wa nne ikianza, barabara za mashambani zinageuka kuwa uji. Kwa miaka mitatu alikuwa akienda kazini kwa bodaboda. Usiku mmoja aliitwa kusaidia ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Pikipiki iliteleza mara mbili, ikakwama, akamalizia safari kwa miguu. Alipofika, ndama alikuwa amekufa, na ng'ombe naye hakuamka tena. Mwenye boma hakumlaumu, lakini asubuhi dada alinipigia simu.

"Nanunua gari," alisema. "Na si gari ya kupendeza. Nataka gari ya kufika."

Gari alilokuwa ameliona likipita kwenye matope hayo ni Suzuki Jimny. Alilipata baada ya miezi minne, na katika hiyo miezi minne nusura apoteze pesa zake mara mbili. Halafu gari lenyewe likamfundisha somo lingine. Nimeandika haya kwa sababu wateja wetu wengi wanaweka akiba kwenye simu wakiwa na ndoto kama yake.

Kwanza, unanunua nini?

Jimny imekuwa ikitengenezwa tangu 1970. Ni gari dogo, kwa kawaida la milango mitatu, lenye uzito wa kama tani moja tu. Chini yake lina fremu ya chuma na ekseli nzima mbele na nyuma, kama magari makubwa ya kazi. Lina 4x4, na pia gia ya 4L ya kupandia mahali pagumu polepole. Wepesi wake ndio siri: linapita juu ya matope ambayo gari kubwa linazama.

Kwenye soko la mkono wa pili hapa Kenya utakutana sana na aina mbili. JB23 ina injini ndogo ya cc 660 yenye tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini ili ipate nguvu. JB43 ina injini ya cc 1,300 na haina tabo.

JB23 ilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2018. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo JB23 nyingi unazoona zikiuzwa ziko hapa tayari, na zimepita mikono kadhaa. Maana yake ni kwamba huenda utanunua kwa mtu binafsi au kwa dalali, wala si kwa yadi. Hapo ndipo simu yako inaingia, na hapo ndipo matapeli wanangoja.

Mara mbili karibu aibiwe

Gari la kwanza dada aliliona kwenye tangazo mtandaoni. Jimny safi, rangi ya kijani, shilingi 520,000. Bei hiyo ilikuwa chini sana kuliko nyingine zote alizokuwa ameona. Muuzaji alisema yuko safarini Mombasa, gari liko Nairobi, na kuna watu wengine watatu wanalitaka. "Madam, tuma 30,000 tu nikuwekee. Ukija kuliona na usipolipenda, nakurudishia."

Dada aliingiza nambari. Kabla hajamaliza, jina la mpokeaji likatokea kwenye skrini. Lilikuwa jina la mwanamke, na muuzaji alikuwa amejitambulisha kwa jina la mwanamume. Alipouliza, akaambiwa, "Hiyo ni laini ya mke wangu." Dada akasitisha. Aliomba kutumiwa nambari ya usajili wa gari ili alikague. Kuanzia hapo simu haikushikwa tena.

Angalia vizuri: hakukuwa na ujanja wowote wa kiteknolojia hapo. Ni haraka tu, bei tamu, na jina lisilolingana. Ukishatuma, na yule mtu akatoa pesa kwa wakala dakika mbili baadaye, kuzirudisha ni vigumu sana hata ukipiga simu kwa huduma kwa wateja mara moja. Lile jina linalotokea kabla ya kuthibitisha ndilo linda lako la mwisho. Lisome.

Gari la pili lilikuwepo kweli. Dada alilishika, akaliendesha, na mwenyewe alikuwa mtu wa heshima zake. Bei ilikuwa 780,000. Kabla ya kutoa hata shilingi, dada aliingia eCitizen, kwenye huduma za NTSA, akalipia utafutaji wa rekodi za gari. Matokeo yalionyesha wamiliki wawili: yule bwana, na kampuni ya mikopo. Gari lilikuwa dhamana ya mkopo ambao haujaisha. Kama angelipa, angekuwa amenunua deni la mtu mwingine, na gari lingeweza kuchukuliwa mlangoni kwake.

Bwana yule alipoulizwa alisema, "Nilikuwa nitalipa kwa hizo pesa zako." Labda ni kweli. Lakini dada hakutaka kujua.

Gari la tatu, na jinsi alivyolipa

La tatu ni lile analo hadi leo: JB23 ya mwalimu mstaafu, shilingi 820,000. Safari hii alienda na fundi wake. Hivi ndivyo fundi alivyoangalia, na unaweza kumwomba wako afanye vivyo hivyo:

- Aliomba injini isiwashwe kabla wafike, ili aisikie ikiwaka ikiwa baridi. Moshi wa samawati ungeonyesha kwamba oili inaungua, labda kupitia kwenye tabo.
- Alilala chini akatazama fremu. Kutu juu juu si neno, ila chuma kilichooza ni hasara.
- Aliangalia ndani ya magurudumu ya mbele kama grisi inavuja. Sili za pale huchoka kwenye Jimny nyingi.
- Aliliendesha hadi kasi ya 80 akisikiliza usukani. Jimny nyingi zilizozeeka hutetemeka usukani katika kasi ya 60 hadi 80, kwa sababu ya beringi za mbele au magurudumu yasiyobalansiwa.
- Aliingia kwenye udongo akaweka 4x4, kisha 4L, na akahakikisha kwamba magurudumu ya mbele yanavuta kweli. Kwenye JB23, 4x4 hushikwa kwa msaada wa mipira midogo ya hewa, na ikipasuka, taa inawaka kwenye dashibodi lakini gari halivuti.
- Alilinganisha nambari ya chesisi na ile iliyo kwenye logibuku.

Baada ya hapo tu ndipo dada alituma 20,000 kwa simu kama ahadi, akiwa amesimama mbele ya muuzaji, na jina lililotokea ndilo lile lile la kwenye logibuku na kitambulisho. Waliandika makubaliano yenye tarehe, kiasi, na nambari ya muamala.

Zile 800,000 zilizobaki hakuzituma kwa simu. Kikomo cha muamala mmoja wa pesa kwa simu ni shilingi 250,000, na kwa siku ni 500,000, kwa hivyo ingebidi azikatekate kwa siku mbili huku gari likiwa bado kwa mwenyewe. Walienda benki pamoja, akahamisha mara moja. Muuzaji akaanzisha uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake ya eCitizen, dada akaukubali kwenye yake, papo hapo. Ada za serikali alizilipa kwa Paybill 222222 ya eCitizen. Dalali akikuambia umtumie yeye ada ya uhamisho "akusaidie", mwambie asante, utajisaidia mwenyewe.

Mwezi wa tatu

Nilidhani hadithi inaishia hapo. Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza.

Dada alikuwa ametumia akiba yote kununua gari. Miezi miwili mambo yalikuwa mazuri sana. Wateja waliongezeka, hata wa mbali. Mwezi wa tatu, akipanda mlima, nguvu zikaisha, moshi ukatoka nyuma. Fundi alimpa habari bila kuzunguka: "Dakta, tabo imekufa." Spea na kazi, shilingi 45,000.

Hakuwa nazo. Alichukua mkopo wa simu, akalipa, na kwa miezi miwili alikuwa anafanyia kazi huo mkopo. "Nilikuwa na gari na nilikuwa maskini kuliko nilipokuwa na bodaboda," aliniambia.

Baadaye tuliketi tukapiga hesabu halisi. Anaendesha kama kilomita 1,000 kwa mwezi, na gari lake linaenda kilomita 12 kwa lita. Tulichukua petroli kuwa shilingi 180 kwa lita ili tupate picha tu, maana EPRA hutangaza bei mpya kila tarehe 14.

- Petroli: 15,000
- Sarvisi, kila kilomita 5,000: 1,300 kwa mwezi
- Bima kamili, 41,000 kwa mwaka: 3,400 kwa mwezi
- Tairi nne, 48,000 kila miaka mitatu: 1,300 kwa mwezi
- Matengenezo yasiyotarajiwa: 5,000

Jumla ni 26,000 kwa mwezi. Petroli utailipa tu, kwa sababu bila hiyo gari halitoki. Hizo 11,000 nyingine ndizo watu husahau, kwa sababu hakuna anayezidai leo. Zinakuja zote siku moja.

Kwa hivyo kila Ijumaa dada hutuma 2,500 kwenye akiba ya simu iliyofungwa, tofauti na pesa za matumizi. Haiguswi kwa harusi wala kwa mchango. Mwaka uliofuata usukani ulipoanza kutetemeka na beringi za mbele zikahitaji kubadilishwa, bili ilikuwa 18,000. Alilipa siku hiyo hiyo na kesho yake akaenda kazini. Hakuna aliyejua kwamba gari liliharibika.

Ana tabia nyingine nzuri. Spea zikinunuliwa Kirinyaga Road, hampi fundi pesa taslimu. Fundi humtumia nambari ya Till ya duka, yeye hulipa duka moja kwa moja baada ya kuhakikisha jina, na fundi humlipa kazi yake kando. Spea ya zamani lazima irudishwe aione. Mwisho wa mwaka anaitisha taarifa ya miamala yake na anaona gari limekula ngapi, bila kubahatisha.

Wengine wanasemaje?

Mwalimu mmoja wa Isinya, Kajiado, aliniambia alichagua JB43 kwa makusudi. "Sina tabo ya kuniua," alisema huku akicheka. Yake inaenda kama kilomita 10 kwa lita, na kwenye ule udongo mweusi unaonata wakati wa mvua haijamwacha. Malalamiko yake ni nafasi. Ana watoto wawili, na wakikaa nyuma, buti inatosha mkoba tu. Pia anaonya kuhusu kasi: gari ni fupi na limeinuka, upepo wa barabara ya Namanga unalisukuma, na kona inataka upole.

Kijana mwingine wa Nairobi, rika langu, alinunua yake kwa sababu ya sura. Kazi yake iko mjini, na kwa miezi tisa alienda kwenye matope mara mbili. Siku zingine zote alikuwa kwenye foleni ya Thika Road, akirushwarushwa na spring ngumu. Tena kwa muda alikuwa akiendesha na 4x4 kwenye lami kavu akidhani ni salama zaidi, kumbe hiyo inachosha gia na ekseli. Aliliuza kwa hasara ya 90,000. "Gari haina makosa," alisema. "Mimi ndiye sikuwa na kazi yake."

Kabla ya kubonyeza Tuma

Nilimuuliza dada angemwambia nini mtu anayeanza kuweka akiba ya Jimny leo. Alisema, kama bei ni 820,000 na una 820,000, bado hujafika. Ngoja uwe na 100,000 zaidi. Na anza kuweka zile 2,500 za kila wiki sasa, kabla ya kununua. Ukishindwa kuziweka ukiwa huna gari, hutaziweka ukiwa nalo.

Yaliyobaki unayajua sasa. Usitume pesa kwa gari ambalo hujaligusa. Tafuta rekodi kabla ya kulipa ahadi. Soma jina kabla ya kuthibitisha. Weka ujumbe wa kila muamala, na usimpe mtu yeyote PIN yako, hata akisema anapiga simu kutoka kwetu.

Mwezi uliopita dada aliitwa tena usiku, boma lile lile, mvua ile ile. Alifika kwa dakika 25. Ndama alizaliwa jike, na mwenye boma amemwita Jimny.