Uhakiki wa Mfuatano wa Namba za Beti kwa Kanuni za Skima ya XML

Makala haya yanaeleza namna kanuni za skima ya XML zinavyoweza kuhakiki mfuatano wa namba za beti katika utenzi uliohifadhiwa kidijitali. Tenzi nyingi za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na idadi ya beti zake huweza kutofautiana kati ya nakala moja na nyingine. Mtafiti anaponukuu ubeti hutaja namba yake. Namba ikikosewa, msomaji hupelekwa kwenye ubeti usiohusika. Katika mwongozo wa TEI, unaotumiwa kusimba matini za fasihi, ubeti huwekwa ndani ya elementi ya lg, mshororo ndani ya elementi ya l, na namba huwa thamani ya atributi ya n.

Mipaka ya XSD

XSD 1.0, iliyopitishwa na W3C mwaka 2001, huweza kudai kwamba thamani ya n iwe namba kamili chanya na isirudiwe katika utenzi mmoja. Haiwezi kulinganisha thamani hiyo na ya ubeti jirani. Kwa hiyo faili yenye beti 1, 2, 4 na 3 hupita bila onyo. XSD 1.1 ya mwaka 2012 iliongeza masharti ya XPath, lakini kila sharti huona tu yaliyomo ndani ya elementi husika. Sharti la mfuatano hulazimika kuwekwa kwenye elementi inayobeba beti zote, na likivunjwa, kosa huhesabiwa kuwa la utenzi mzima.

Schematron, iliyobuniwa na Rick Jelliffe na kufanywa kiwango cha ISO mwaka 2006, huanzia kwenye ubeti wenyewe na huweza kutazama beti zilizoutangulia. Aidha, ujumbe wa kosa huandikwa na mtunga kanuni, hivyo unaweza kuwa wa Kiswahili.

Kanuni mbili na tofauti zake

Kanuni ya kwanza hulinganisha namba na nafasi ya ubeti:

@n = count(preceding-sibling::lg) + 1

Kanuni ya pili hulinganisha namba na ile ya ubeti uliotangulia:

@n = preceding-sibling::lg[1]/@n + 1

Kwa kuwa ubeti wa kwanza hauna mtangulizi, kanuni ya pili huuacha, na sharti la pekee hudai uanze na 1.

Katika faili isiyo na kosa, kanuni hizi hutoa jibu moja. Tofauti hudhihirika kosa linapotokea. Ubeti wa 213 ukiachwa, kanuni ya kwanza hulalamikia kila ubeti kuanzia wa 214 hadi mwisho, ilhali ya pili hutoa onyo moja tu, mahali penyewe. Ikiwa 213 imechapwa 231 kimakosa, kanuni ya kwanza hutoa onyo moja, na ya pili hutoa mawili yanayofuatana. Kanuni zote mbili zikitumiwa pamoja, mpangilio wa maonyo humwezesha mhariri kutambua kama namba imechapwa vibaya au ubeti umerukwa.

Pengo la kweli

Si kila mruko ni kosa. Ukurasa wa muswada ukipotea, kuzipanga upya namba ili kanuni iridhike ni kufuta dalili ya upotevu huo na kuvunja nukuu za awali. TEI ina elementi ya gap kwa ajili ya sehemu zisizopatikana, ambayo hubeba idadi ya vipimo vilivyokosekana. Kanuni ya pili hupanuliwa ili tofauti kati ya namba mbili iwe moja pamoja na idadi ya beti iliyotajwa katika pengo lililo kati yake. Mruko uliotolewa maelezo hukubaliwa; usio na maelezo hukataliwa.

Kwa hiyo, kanuni bora ya mfuatano ni ile inayomtaka mhariri aeleze kila mruko, bila kumlazimisha auzibe.