Je, Wajua? Kumpasia Rafiki Msokoto Kwaweza Kuitwa Ulanguzi

Mtaani, mlanguzi ni mtu mwenye magunia, magari na wapambe. Sheria ya Kenya kuhusu dawa za kulevya, nambari 4 ya 1994, inalitandaza neno hilo mbali zaidi. Ndani yake kuna kuuza na kuingiza nchini, lakini pia kuna kununua, kuweka, kubeba na kupeana. Kijana wa mtaa wa Umoja, Nairobi, anayempasia mwenzake msokoto wa bangi bila kupokea hata shilingi anaweza kuandikiwa shtaka lenye jina lile lile la mwenye kontena bandarini.

Na jina hilo ni zito. Tangu marekebisho ya 2022, aliyepatikana na bangi ya kuvuta mwenyewe anakabiliwa na kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Akipatikana na hatia ya ulanguzi wa zaidi ya gramu 100, faini huanzia shilingi milioni 50, au miaka 50 jela, au vyote viwili. Kwa hiyo kabla hujajibu “ni kweli” mbele ya hakimu, omba usomewe shtaka tena, kwa lugha unayoielewa. Katiba inakupa haki hiyo.

Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2007 kwamba haitoshi kuandika “ulanguzi” na kuishia hapo. Shtaka litaje tendo: aliuza? alibeba? aliweka? Kisha ushahidi uonyeshe tendo hilo hilo. Utetezi mwingi huanzia kwenye pengo hili.

Pengo lingine liko kwenye mizani. Kifungu cha 74A cha sheria hiyo ya 1994 kinataka dawa zilizokamatwa zipimwe uzito na kuchukuliwa sampuli mbele ya mshukiwa au wakili wake, pale inapowezekana. Mkemia wa serikali ndiye anayethibitisha kwamba majani yale ni bangi kweli. Harufu peke yake haimfungi mtu.

Vipi kuhusu chumba kimoja cha Kayole wanacholala vijana watatu, na kete zimepatikana chini ya godoro? Kanuni ya Adhabu inasema mmoja akiwa na kitu, na wenzake wanajua na kuridhia, wote wanahesabiwa kuwa nacho. Maneno ya kushikilia hapo ni “wanajua” na “kuridhia”, na mzigo wa kuyathibitisha ni wa upande wa mashtaka. Ila hata asiyevuta asidhani amepona: kukutwa tu kwenye base ya wavutaji, bila sababu ya halali, ni kosa peke yake chini ya kifungu cha 5 cha sheria ya dawa za kulevya. Hili linaniuma, kwa sababu vijana wengi wa Dandora na Mathare hawana mahali pengine pa kukaa mchana.

Mwisho, kukamatwa siku ya Ijumaa. Katiba inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiisha siku ambayo korti haikai, husogezwa hadi siku inayofuata ya korti. Anayekamatwa Ijumaa jioni huenda akaiona mahakama ya Makadara Jumatatu. Wakati huo wote jamaa zake wanaweza kumwombea bondi kituoni, na bondi ya polisi hailipiwi. Dhamana ya pesa taslimu hutolewa risiti, na kwa risiti hiyo pesa hurudishwa kesi ikiisha.