Lukenya: Historia Iliyo Kando ya Barabara

Kila muhula mabasi ya shule huondoka Nairobi kuelekea Mombasa ili wanafunzi wakaione Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ni jambo la kusifiwa. Hata hivyo, kabla hawajamaliza kilomita 50, wasafiri hao hupita kando ya Kilima cha Lukenya, na ni nadra mwalimu kuwaambia wageuze shingo.

Kilima hicho si lundo la mawe tu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulithibitisha kwamba kipande cha fuvu la binadamu kilichofukuliwa hapo kina umri wa zaidi ya miaka 20,000. Chini ya majabali yake wamepatikana pia mifupa ya nyamera mdogo ambaye ametoweka duniani, pamoja na vifaa vya mawe meusi yang'aayo kama kioo, mengine yakiwa yametoka mbali katika Bonde la Ufa. Kumbe wakazi wale hawakuwa watu wa pango moja. Walikuwa na njia zao, na pengine majirani wa kubadilishana nao.

Nilizuru kitongoji kimoja chini ya kilima hicho: nyumba chache, migunga, na pimbi wanaoota jua maweni. Mzee aliyenitembeza alikuwa na jina la kila jabali na kila korongo. Jiwe kwa Kikamba ni ivia. Mwanafunzi akilinganisha neno hilo na ihiga la Kikikuyu, kisha na figa la Kiswahili, ataona ndugu watatu wa tumbo moja, mmoja akiwa amebakia jikoni. Somo hili halihitaji maabara.

Mzee alinionyesha pia upande uliko mji wa Athi River. Huko ndiko kilikokuwa kiwanda cha nyama kilichouziwa ng'ombe ambao serikali ya kikoloni iliwatwaa kwa Wakamba mwaka 1938, hata maelfu yao, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakaenda Nairobi kwa miguu kudai mifugo yao.

Siku hizi ardhi ya Lukenya inakatwa viwanja kwa kasi. Sipingi watu kujenga. Nairobi imefurika na watu lazima walale mahali. Ninalolalamikia ni kwamba kila ua unapojengwa huja na jina la Kiingereza, na lile la kale halimo katika ramani wala hati yoyote. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi inaweza kulinda pango. Jina la korongo litalindwa na nani, kama si darasa la shule ya jirani lenye daftari na mzee mmoja mwenye subira?

Niliwauliza watoto watatu jina la jabali lililo nyuma ya kwao. Mmoja alinitajia jina la mtaa mpya wenye lango la chuma. Wawili walicheka tu.