Kunde Kati ya Matuta ya Viazi

Shungimbili, kisiwa kidogo cha mchanga karibu na Mafia, ni hifadhi ya bahari, wala hatusemi kilimwe. Twakitaja kwa sababu ya mchanga wake. Na mashamba mengi ya Mafia yenyewe ni ya kichanga, na mvua kubwa ikinyesha, chakula cha mimea huzama upesi mizizi isikofika.

Basi yafaa kupanda kunde kati ya matuta ya viazi vitamu. Ng'oa mkunde mmoja taratibu, utaona vinundu mizizini. Humo hukaa bakteria, vijidudu vitwaavyo naitrojeni katika hewa na kuifanya chakula cha mkunde. Kinundu ukikipasua ukakuta wekundu ndani, jua kazi inaendelea.

Lakini wengi hudhani kwamba kiazi hulishwa papo hapo. Sivyo. Sehemu kubwa ya chakula hicho huingia katika punje, na nyingine hubaki katika majani na mizizi. Mwenye kung'oa kunde zote na kuzichoma, ardhi yake hairudishiwi ila kidogo sana. Chumeni punje, na majani machache ya mboga si kosa; yaliyosalia yafukieni yaoze.

Viazi hupenda pia potasiamu, nayo kunde haziwezi kuitwaa hewani. Kwa hiyo tieni majivu ya jikoni kidogo, na samadi ikipatikana.

Huko Kabete, Kenya, wataalamu walijaribu viazi mviringo pamoja na fiwi, ambayo Wakikuyu huiita njahi, wakaona faida, kwa kuwa majani yake hufunika udongo usikauke. Viazi vitamu vyatambaa vyenyewe. Basi chagueni kunde zisimamazo, tena msizisonge.