Mafaili yanaharibika kwenye seva ya nyumbani? Usianze na kurekebisha

Umeme ukikatika ghafla Mbagala au Tegeta na kurudi, taa zinawaka kama kawaida. Kompyuta ya Linux inayotunza picha za harusi na hesabu za duka inaweza kuwa na hadithi nyingine: picha ina mistari ya kijivu, video inaganda, faili linagoma kufunguka.

Wengi hudhani kompyuta ikiwaka vizuri, basi mafaili yako salama. Si lazima. Mfumo wa ext4 una kitu kama daftari: huandika mabadiliko ya mpangilio wa diski kabla ya kuyafanya, ndiyo maana mashine inaamka hata baada ya kuzimika vibaya. Ila kwa kawaida daftari hilo haliweki yaliyomo ndani ya faili. Lililokuwa linaandikwa umeme unakatika linaweza kubaki nusu.

Fuata mpangilio huu.

1. Okoa kwanza. Acha kuingiza mafaili mapya. Ukiweza, hamishia diski kwenye kompyuta nyingine na unakili kila kinachosomeka. Kama shida ni RAM, nakala utakazotoa kwenye mashine ileile nazo zinaweza kuharibika. Diski inakwamakwama? Tumia ddrescue, inayochukua kwanza sehemu nzima.

2. Pima diski. Andika: sudo smartctl -a /dev/sda (jina la diski yako linaweza kuwa tofauti). Current_Pending_Sector ikizidi sifuri, kuna sehemu zinazogoma kusomeka. UDMA_CRC_Error_Count ikiendelea kupanda, mara nyingi mbaya ni waya wa data. Badilisha waya kabla hujanunua diski.

3. Pima RAM. Kama hata mafaili ambayo hayakuguswa siku ya umeme kukatika yanaharibika, acha Memtest86+ ifanye kazi usiku kucha. Ikionyesha kosa hata moja, usiiamini mashine hiyo mpaka kosa lipatiwe dawa.

4. Sasa ndiyo fsck. Iendeshe diski ikiwa imeondolewa kwenye matumizi kwa umount. Kumbuka fsck hunyoosha mpangilio wa diski, hairudishi picha iliyoharibika. Na kwa diski inayokufa, kuianza mapema ni kuimalizia.

Mafaili yaliyoharibika yatarudi tu kama una nakala nyingine. Kwa hiyo tenga diski ya nje, nakili kila wiki, kisha ichomoe. Ikibaki imechomekwa, umeme ukija na nguvu kupita kiasi unaweza kuunguza zote mbili.

UPS inayounganishwa kwa USB inaweza kuiambia Linux ijizime taratibu kabla betri haijaisha. Huna bajeti? Laptop ya zamani yenye betri nzima inafaa kuwa seva, maana umeme ukikatika yenyewe haizimiki.

Leo fungua picha tatu za zamani kwenye nakala yako. Zikigoma, bado huna nakala.