Fedha ya Muziki Ifike Ukumbini

Mwaka 1983 TTTS, shirika la umma la usafiri na teksi lililoiunda Mlimani Park Orchestra mwaka 1978, lilifungwa. Bendi hiyo, maarufu kama Sikinde, ingeweza kusambaratika papo hapo. Lakini DDC, shirika la maendeleo la Jiji la Dar es Salaam, likaichukua. DDC ilikuwa na kumbi na baa zake, Kariakoo ikiwemo, kwa hiyo bendi ilipata mwajiri na mahali pa kupiga kwa mpigo mmoja.

Hivyo ndivyo dola ilivyoubeba muziki wa dansi. NUTA Jazz ilizaliwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Polisi na jeshi nao walikuwa na bendi. Taasisi ndiyo iliyonunua magitaa, tarumbeta na spika, enzi ambayo fedha za kigeni zilikuwa adimu na mpigaji wa kawaida asingeweza kuagiza hata amplifaya. Mwanamuziki alilipwa mshahara. Kasoro zilikuwepo, na kubwa ni kwamba vyombo vilikuwa vya mwajiri: ukihama, unaondoka mikono mitupu. Hata hivyo watu walicheza dansi wiki hadi wiki, na vijana wakajifunza kazi jukwaani, pembeni ya wakongwe kama Muhidin Gurumo.

Mageuzi ya uchumi yalipokuja, mashirika mengi yakajitoa, na mwenye ukumbi akabaki na hesabu yake. Kiingilio kinagawanywa kwa bendi, fundi mitambo, walinzi, umeme, leseni na vibali. Kinachobaki hutegemea vinywaji. Mvua ikinyesha Jumamosi jioni, mwezi umeharibika. Si kwetu tu. Nchini Uingereza, Music Venue Trust, taasisi inayotetea kumbi ndogo za muziki, ilihesabu kumbi ndogo 125 zilizofungwa au kuacha muziki wa jukwaani mwaka 2023. Mojawapo ni Moles, mjini Bath, ambako Radiohead na Oasis walipiga kabla dunia haijawajua.

Ufaransa imetafuta njia ya kuzisaidia kumbi kama hizo. Sheria inakata asilimia 3.5 ya mapato ya tiketi za maonyesho ya muziki, na fedha hizo hurudi kwenye sekta kupitia Centre national de la musique, yaani kituo cha taifa cha muziki, ikiwa ni pamoja na kusaidia kumbi. Tamasha linalojaza uwanja linachangia ukumbi uliomkuza msanii wake.

Tanzania ina Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unaowakopesha wasanii. Ni jambo jema, ila mkopo unalipwa kwa kazi, na kazi ya bendi iko ukumbini. Halmashauri zina majengo, na ndizo zinazotoza ada na ushuru. Nawaomba madiwani waanzie hapo: ukumbi unaoweka bendi inayopiga moja kwa moja kila wiki upunguziwe ada, na matamasha ya viwanjani yakatwe kidogo kuufidia.